Mlezi Anayebaki

Kijana wa miaka 14 anayelelewa na watu wasiomzaa husifiwa kwa maneno yanayofanana kote Afrika Mashariki: mtulivu, hana makuu, anajituma, hajawahi kulia mbele ya watu. Watu husema yatima hadeki, na kijana aliyeisikia kauli hiyo tangu utotoni huitii kwa kumeza kila kinachomuuma. Miaka niliyokaa karibu na malezi ya kambo, nikiwasikiliza walezi, maafisa ustawi wa jamii na vijana wenyewe, imenifundisha kuitilia shaka sifa hiyo. Utulivu wa kijana aliyepoteza wazazi si lazima uwe dalili ya uzima. Mara nyingi ni hesabu aliyoipiga mwenyewe: ameipima nyumba aliyomo, akaona inampokea kwa masharti, na sharti la kwanza ni kutokuwa mzigo. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba ustahimilivu wa kijana hautokani na ugumu wa moyo wake. Hujengwa na mtu mzima anayebaki naye, hasa katika miaka ambayo kijana huyo ni mgumu kupendwa. Kazi ya sheria, ya ofisi na ya ukoo ni kuhakikisha kwamba mtu huyo yupo na kwamba anaweza kubaki.

Sheria zetu hazijalala. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayotambua malezi ya kambo, pamoja na kanuni za mwaka 2012 zinazoeleza utaratibu wake. Kenya ilipata Sheria mpya ya Watoto mwaka 2022, ikaitambua pia kafala, yaani malezi ya Kiislamu ambamo mtoto hubaki na nasaba yake, na mwaka huohuo ikazindua mkakati wa kitaifa wa miaka 10 wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha kwenye familia. Rwanda ilikuwa imetangulia. Utafiti wa mwaka 2012 uliwakuta watoto na vijana 3,323 katika makao 33 nchini humo, na mpango wa Tubarerere mu Muryango (tuwalee katika familia) ukaanza kuwapeleka kwa ndugu zao au kwa walezi wa kambo, ambao Wanyarwanda wamewapa jina la heshima la Malayika Murinzi. Hata hivyo watoto wengi wasio na wazazi katika nchi hizi hawamo katika faili la ofisi yoyote. Wako kwa bibi, kwa shangazi, kwa baba mkubwa, kwa dada aliyeolewa mwaka jana na bado anajifunza kuishi na wakwe. Mlezi wa kambo aliyesajiliwa na shangazi asiyejua kama kuna kanuni wanakabiliwa na kijana yuleyule, mwenye maswali yaleyale, kwa hiyo nitakayosema yanawahusu wote wawili.

Imani kwamba ustahimilivu ni kipaji cha kuzaliwa nacho imepimwa kwa muda mrefu, nayo haikusimama. Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, tangu kabla hawajazaliwa hadi walipokuwa watu wazima. Takribani theluthi moja walikulia katika mazingira hatarishi: umaskini, matatizo wakati wa kuzaliwa, nyumba za ugomvi, wazazi walevi au wenye maradhi ya akili. Katika hao, wengi walipata matatizo makubwa kabla ya kumaliza ujana, lakini mmoja kati ya watatu alikua akawa mtu mzima mwenye uwezo, anayejiamini na anayejali wengine. Werner alipotafuta kilichowatofautisha, alikuta mambo kadhaa, yakiwemo tabia ya mtoto mwenyewe. Lililojirudia zaidi ni kwamba kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja wa kumtegemea aliyekuwa upande wake: bibi, shangazi, mwalimu, jirani, kiongozi wa dini. Wapo wanaoyasoma matokeo hayo wakahitimisha kwamba baadhi ya watoto wana nguvu za ajabu. Mimi naona yanatuambia kitu kingine, kwamba nguvu hizo zilikuwa na chanzo nje ya mtoto, na chanzo hicho kinaweza kupangwa, kulindwa na kuongezwa.

Watu wenye nia njema hunipinga hapa kwa kusema kwamba kufikia miaka 13 au 14 kazi imeshapita, na kwamba samaki mkunje angali mbichi. Wana ushahidi wa kushika. Mradi maarufu wa Bucharest, ulioongozwa na Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, uliwachukua watoto wadogo 136 waliokuwa katika makao 6 ya Romania, ukawagawa kwa kura: nusu wakapelekwa kwa walezi wa kambo na nusu wakaendelea na matunzo ya kawaida. Waliopata familia walifanya vizuri zaidi kwa akili na kwa uwezo wa kushikamana na mlezi, na katika mambo kadhaa waliowahi kabla ya kutimiza takribani miaka 2 ndio walionufaika zaidi. Kuwahi kuna faida kubwa, hilo halina ubishi. Lakini mradi huohuo ulipowatazama watoto hao wakiwa na miaka 12, ulikuta kwamba waliobaki na mlezi wao wa kwanza wa kambo walikuwa na dalili chache za matatizo ya hisia na tabia kuliko wale ambao makazi yao yalivunjika. Na mwaka 2019 Megan Gunnar wa Chuo Kikuu cha Minnesota, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo yanayopaswa kumtia moyo kila mlezi wa kijana. Watoto walioasiliwa kutoka katika makao, ambao miili yao ilikuwa haijibu msongo kama inavyojibu miili ya watoto wengine, walianza kufanana na wenzao kadiri walivyopiga hatua katika balehe, wakiwa sasa wanaishi katika familia zinazowajali. Balehe ni mlango wa pili. Anayesema amechelewa anaufunga mlango huo kwa mkono wake.

Kama kubaki ndiko kunakojenga, basi kuhamahama ndiko kunakobomoa, na hilo nalo lina pingamizi lake. Huenda watoto wanaohamishwa mara kwa mara ni wale waliokuwa wakorofi tangu mwanzo, kwa hiyo tabia ndiyo inayoleta kuhama, na kuhama kunasingiziwa. David Rubin na wenzake nchini Marekani walilichunguza swali hilo katika utafiti wa mwaka 2007. Waliwalinganisha watoto waliokuwa na hali zinazofanana walipoingia katika malezi ya kambo, wakaona kwamba wasiopata makazi ya kudumu walikuwa na matatizo zaidi ya tabia baadaye, hata wale ambao mwanzoni hawakuwa na tatizo kubwa. Mantiki yake haihitaji maabara. Kila anapohama, kijana anaacha shule, marafiki, mwalimu aliyekuwa ameanza kumwelewa, kitanda alichokizoea na mtu aliyejua kwamba hali maharage au kwamba anaogopa radi. Anaondoka pia na fundisho: usijishikize. Akifundishwa hivyo mara tatu atafuzu, na baadaye tutashangaa kwamba kijana wa miaka 17 hamwamini mtu yeyote. Katika mazingira yetu kuhama huku hakuitwi kuhama. Huitwa kwenda kusaidia kazi kwa mjomba mjini, au kupelekwa shule ya bweni na kisha kila likizo kulala katika nyumba tofauti. Faili litaonyesha kwamba mtoto yuko shuleni na anaendelea vizuri, wakati yeye mwenyewe hajui Desemba atakula chakula cha nani.

Ni lazima pia tuseme ukweli juu ya jinsi kijana wa aina hii anavyoishi ndani ya nyumba, maana walezi wengi huvunjika moyo kwa sababu hawakuambiwa. Miezi ya kwanza huwa ya adabu kubwa. Kisha, anapoanza kuona kwamba pengine hapa ni pa kukaa, huanza kuujaribu ukuta: anachelewa kurudi, anajibu kwa ukali, anaficha chakula chini ya godoro, anaiba fedha kidogo ambazo hata hazihitaji, anasema wewe si mama yangu. Mlezi husoma hayo kama utovu wa shukrani, na neno shukrani linapoingia, mahusiano yamepata ufa. Kijana anauliza swali moja kwa njia nyingi, kama ataachwa akionekana alivyo. Jibu la kweli halimnyimi nidhamu. Mlezi anaweza kumwadhibu kwa kumpunguzia muda wa matembezi, kumtaka arudishe alichochukua, kumkasirikia waziwazi. Asichopaswa kufanya ni kuifanya nyumba iwe ndiyo adhabu. Kauli kama nitakurudisha ulikotoka, hata ikitamkwa mara moja tu kwa hasira, huthibitisha hofu ambayo kijana alikuja nayo, na baada yake kila kosa dogo huwa ni kesi ya kufukuzwa.

Pingamizi la tatu linatoka katika mila yetu ya kustahi: kumzungumzisha mtoto juu ya msiba wake ni kufukua kaburi, na kumsikiliza sana ni kumdekeza. Ninaiheshimu mila hiyo, kwa sababu imewasaidia watu wengi kuzika, kufuta machozi na kwenda shambani kesho yake. Ila kwa watoto tunao ushahidi kutoka hapahapa kwetu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2020, watoto 640 wa Moshi nchini Tanzania na Bungoma nchini Kenya, wenye miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote na waliokuwa na dalili za kiwewe, waligawanywa kwa kura. Nusu yao walipata vikao vya kundi vya wiki 12, vikiongozwa na washauri wa kawaida kutoka katika jamii waliofundishwa kazi hiyo, na walezi nao wakishirikishwa. Watoto walijifunza kutuliza mwili, kutaja hisia, kusimulia kilichotokea na kumkumbuka marehemu bila kukimbia. Vikao vilipokwisha, dalili zilikuwa zimepungua zaidi kwa waliohudhuria katika maeneo matatu kati ya manne ya jaribio hilo, ya mjini na ya vijijini. Baada ya mwaka mmoja tofauti hiyo iliendelea kuonekana Bungoma, na huko Moshi makundi yote mawili yalikuwa yamefikia hali inayolingana. Matokeo hayo hayasemi kwamba kila mtoto anahitaji vikao. Yanasema kwamba kuzungumza kwa utaratibu hakukuwavunja watoto, kwamba mtu asiye daktari anaweza kuifanya kazi hiyo akifunzwa, na kwamba mlezi ana nafasi ndani yake. Washiriki hawa walikuwa wadogo kidogo kuliko vijana ninaowazungumzia, lakini sioni sababu ya kuamini kwamba mtoto wa miaka 12 hufaidika kwa kusikilizwa, na akitimiza 14 akawa wa kunyamazishwa.

Pingamizi zito kuliko yote lipo katika takwimu zenyewe. Utafiti ulioongozwa na Kathryn Whetten wa Chuo Kikuu cha Duke, uliochapishwa mwaka 2009, ulilinganisha watoto yatima na waliotelekezwa katika nchi 5, zikiwemo Kenya na Tanzania. Ulikuta kwamba walioishi katika makao hawakuwa na hali mbaya kuliko walioishi katika familia za jamii, na kwa baadhi ya vipimo walikuwa afadhali. Watetezi wa malezi ya kifamilia hupenda kuukwepa utafiti huu, na kuukwepa ni kosa. Familia si dawa kwa sababu tu ni familia. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania, uliofanyika mwaka 2009, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamekumbana na ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu robo tatu walikuwa wamepigwa au kuumizwa. Msichana wa miaka 15 aliyepelekwa kwa ndugu ili awe mfanyakazi wa ndani asiyelipwa hajapata familia, amepata mwajiri. Utafiti wa Duke ulionyesha pia kwamba tofauti kubwa zilikuwa kati ya mtoto na mtoto na kati ya kituo na kituo, kuliko kati ya makao na familia kwa jumla. Hilo linaikaza hoja yangu badala ya kuilegeza. Swali la kwanza si aina ya paa. Ni nani chini ya paa hilo anamjua kijana huyu, anamlinda, na atakuwepo mwaka kesho na miaka 10 ijayo. Nabaki upande wa familia kwa sababu wafanyakazi wa makao hubadilika kwa zamu na kwa mikataba, wakati shangazi mwema hana zamu. Lakini shangazi lazima awe mwema, na lazima mtu awe anaenda kuhakikisha.

Kubaki bila ukweli nako hakutoshi. Ujana ndio umri wa kuuliza mimi ni wa nani, na kwa kijana wa malezi ya kambo swali hilo lina karatasi na ardhi ndani yake. Fomu ya kitambulisho cha Taifa inataka majina ya wazazi. Mahari na ndoa zinataka ukoo. Shamba la marehemu baba linalimwa na mtu ambaye hakuna anayetaka kumtaja. Walezi wengi huficha historia kwa kuogopa kwamba kijana akijua asili yake atawakataa. Wasomi wa Kiislamu walishalitatua jambo hili zamani: katika kafala mtoto anapokelewa, analishwa, anasomeshwa na kupendwa huku akibaki na nasaba yake, na hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba kujua jina la baba kunapunguza mapenzi kwa mlezi. Anayejua alikotoka ana sababu chache za kutoroka kwenda kutafuta. Sheria ya Mtoto ya Tanzania, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Kijana wa miaka 15 akiletewa uamuzi wa kuhamishwa ukiwa umeshasainiwa, haki hiyo imebaki kwenye karatasi.

Mtihani mkubwa wa hoja hii ni siku ya kutimiza miaka 18. Kisheria utoto umekwisha, na msaada mwingi uliopangwa kwa ajili ya mtoto unakoma. Hakuna familia ya kawaida kutoka Mombasa hadi Mbeya inayomwambia mtoto wake wa kumzaa kwamba kesho ni siku yako ya kuzaliwa, fungasha. Watoto wetu hukaa nyumbani wakisubiri matokeo ya kidato cha sita, wakitafuta chuo, wakitafuta kazi, na hata wakishaoa hurudi kuomba mbegu na ushauri. Kwa nini aliyefiwa na wazazi, ambaye ana akiba ndogo kuliko wote ya ndugu na fedha, ndiye ategemewe kujitegemea mapema kuliko wote? Nchi nyingine zimelitambua kosa hilo. Marekani kwa sheria ya mwaka 2008 iliruhusu fedha za serikali kuu zitumike kuwahudumia vijana wa malezi ya kambo hadi miaka 21 katika majimbo yanayochagua hivyo, na Uingereza mwaka 2014 ilizitaka mamlaka za mitaa nchini England kuwasaidia vijana wanaotaka kubaki na walezi wao wa kambo hadi umri huohuo. Hatuhitaji kuiga bajeti zao ili tukubali mantiki yao, ambayo kwa kweli ilikuwa mila yetu kabla haijawa sheria kwao.

Nitaambiwa kwamba yote haya yanagharimu. Ni kweli, na sitaki kuyafanya yaonekane rahisi. Afisa ustawi wa jamii mmoja anaweza kuwa na kata nyingi na asiwe na nauli ya kufika hata moja. Lakini sehemu kubwa ya ninachokidai haihitaji majengo. Inahitaji kumpa mlezi maelezo ya kweli kabla hajampokea kijana, kumpigia simu mwezi wa tatu wakati mambo yanapoanza kuwa magumu, kumtafutia jirani au ndugu wa kumpokea kijana kwa siku mbili ili mlezi apumue, na kuwakutanisha walezi wenyewe wafundishane. Zipo pia nyakati ambapo kuhama hakuepukiki, kwa sababu kijana yuko hatarini, au yeye anawahatarisha wadogo ndani ya nyumba. Hapo usalama unatangulia. Hata hivyo anaweza kuhama huku ameelezwa sababu, ameagana na waliomlea, na mtu mmoja aliyemjua akiendelea kumfuatilia huko aendako.

Kwa hiyo nawaomba wanaopanga na wanaosimamia malezi haya wabadilishe kipimo chao. Idadi ya watoto waliotolewa katika makao isitutoshe. Tuulize ni wangapi bado wako na mlezi yuleyule baada ya miaka miwili, na wangapi wana mtu wa kumpigia simu wakiwa na miaka 20. Wabunge waangalie upya mstari wa miaka 18 kwa vijana hawa. Walimu wa ushauri na unasihi waulize kila likizo inapokaribia ni mwanafunzi gani hana pa kwenda. Nawe mlezi uliyempokea mtoto wa ndugu au wa mtu usiyemjua, ambaye leo amekujibu vibaya na kukufanya ujute: mwambie umekasirika, mwambie alichokosea, kisha mwambie kwamba kesho atakuwa bado wa nyumba hii. Liseme kwa sauti, asikie, na ulitimize.